Skrini Kubwa kwa Pesa Ndogo



Mwaka 2005, mwezi wa Februari, hapa Edmonton, kaskazini mwa London, kando ya barabara ya North Circular, duka jipya la IKEA lilifungua milango yake saa sita usiku. Lilikuwa limetangaza sofa kwa pauni 45, na bei hiyo ilikuwa iishe saa tisa ya usiku uleule. Walifika watu wapatao 6,000. Haikupita hata saa moja, duka likafungwa, maana watu walikuwa wanasongamana na kukanyagana, na wengine walipelekwa hospitali. Duka lenyewe halipo tena, lilifungwa mwaka 2022.

Siwalaumu waliokwenda. Mwenye nyumba isiyo na kiti na mfuko mwepesi ana haki ya kuifuata bei ilipo. Ninachokitazama mimi ni ile saa tisa ya usiku. Bei iliyopewa saa ya kufa inamnyang'anya mnunuzi muda wa kupima, na muda wa kupima una thamani kuliko punguzo lenyewe. Siku hizi saa ile imehamia kwenye simu: unafungua tovuti ya duka, unaona skrini ya kompyuta ya inchi 32, bei imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni dakika zinahesabiwa kurudi nyuma. Ndiyo maana leo nataka tukae, tuizungumze skrini hiyo kwa utulivu kabla hujaitolea pesa.

Kwanza, je, tunaihitaji? Nasema tunaihitaji, na kwa nguvu. Tazama maisha ya Mswahili wa hapa yalivyo sasa. Zile kadi za plastiki za ukaazi tulizokuwa tunazitunza pochini ziliondolewa mwisho wa mwaka 2024, na hadhi yako ya kukaa nchini unaionyesha mtandaoni. Msaada wa Universal Credit unaombwa mtandaoni na kufuatiliwa mtandaoni. Mtoto wa sekondari analetewa kazi ya nyumbani kwenye programu. Dada anayetunza wazee mchana anasomea uuguzi usiku, na masomo yake nusu yako kwenye kompyuta. Haya yote, katika nyumba nyingi kuanzia Fore Street mpaka Edmonton Green, yanafanyika kwenye simu, au kwenye laptopu ya inchi 13 iliyowekwa juu ya meza ya chakula, shingo imeinama na macho yamekazwa. Skrini kubwa katika nyumba kama hiyo ni chombo cha kazi, kama cherehani ilivyokuwa kwa mama zetu. Tusione haya kuitafuta, na tusione haya kuitafuta kwa bei nafuu.

Ila dukani unauziwa inchi, na inchi peke yake haikwambii utaona nini. Inchi zinazoandikwa kwenye sanduku ni kipimo cha hanamu, kutoka kona ya chini upande mmoja hadi kona ya juu upande wa pili. Hazisemi picha imesukwa kwa vitone vingapi, yaani pikseli, na macho yako yanasoma pikseli.

Hili jambo lina historia yake jirani kabisa na hapa. Tarehe 2 Novemba 1936, kutoka Alexandra Palace, jumba lililo juu ya kilima kusini-magharibi mwa Edmonton, BBC ilianza kurusha televisheni kwa ratiba ya kila siku. Mitambo ilikuwa miwili ikishindana. Mmoja wa John Logie Baird uliichora picha kwa mistari 240. Wa pili, wa Marconi-EMI, uliichora kwa mistari 405. Ilikuwa wiki hii huu, wiki ijayo ule. Mwezi Februari 1937 mtambo wa Baird ukawekwa kando, na mistari 405 ikabaki kutumika Uingereza mpaka mwaka 1985. Vioo vya wakati ule vilikuwa vidogo, lakini mafundi walielewa mapema kwamba picha hupimwa kwa wingi wa mistari. Na Edmonton yenyewe haikuwa mtazamaji tu. Katika miaka ya 1930 mhamiaji mmoja kutoka Vienna, Jules Thorn, alikuwa na kiwanda cha balbu za Atlas hapahapa Edmonton. Mwaka 1936 akainunua kampuni ya redio ya Ferguson, na jina hilo la Ferguson baadaye likawa kwenye televisheni zilizotengenezwa jirani, Enfield. Aliyekuja kama mgeni akauza balbu ndiye aliyekuja kuwawekea Waingereza televisheni sebuleni. Mimi hupenda kukumbuka hilo nikipita barabara ya Angel Road hapa Edmonton.

Sasa turudi kwenye mistari. Leo kwenye skrini za bei ya chini utakutana na namba tatu: 1080, 1440 na 2160. Hiyo ndiyo idadi ya mistari ya pikseli kutoka juu mpaka chini. Chukua skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Ina pikseli milioni mbili na kidogo. Chukua ya inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 vilevile. Umelipa zaidi, umepata kioo kipana zaidi, sentimita 60 badala ya 53, lakini pikseli hazijaongezeka hata moja. Zimetanuliwa tu. Kwenye inchi 24 kila pikseli ina upana wa kama milimita 0.28, kwenye inchi 27 ni 0.31, na kwenye inchi 32 inafika 0.37. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, jicho zima linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa kama milimita 0.17. Maana yake, kwenye ile ya inchi 32 utaziona pikseli zenyewe. Herufi ndogo zitakuwa na meno pembeni, na baada ya saa mbili za kusoma fomu, kichwa kitakuuma huku ukidhani umezeeka.

Sasa chukua inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Hapo pikseli zimefika karibu milioni 3.7, na kila moja ina milimita 0.23. Maandishi yanatulia. Unaweza kuweka fomu upande huu na maelezo yake upande ule, zote zikasomeka. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: skrini ya inchi 32 yenye 1440 ina msongamano wa pikseli sawasawa na ile ya inchi 24 yenye 1080. Kwa hiyo ukitaka ukubwa wa 32, usikubali chini ya 1440.

Mimi nikiulizwa, kwa mtu anayesoma na kuandika, nasema inchi 27 na mistari 1440. Miaka hii ya karibuni, ukisubiri na kulinganisha, unaipata mpya kwa pauni mia moja na hamsini hivi. Pesa isipofika hapo, chukua inchi 24 ya 1080, ni skrini ya heshima. Ile ya inchi 32 yenye 1080 inafaa kutazamia mpira ukiwa umejilaza kitandani, mbali nayo. Kwa dawati iache dukani.

Kuna mtu mmoja ninayemtoa kwenye kanuni hiyo. Mzee ambaye macho yameanza kuchoka, anayetaka herufi kubwa bila kuhangaika na mipangilio, anaweza kuifurahia inchi 27 ya 1080, kwa kuwa kila kitu kinatokea kikubwa chenyewe. Lakini huyo tumpeleke kwanza kwa daktari wa macho. Skrini haichukui nafasi ya miwani.

Baada ya pikseli, meza. Sijui kwa nini watu hupima mlango kabla ya kununua friji lakini hawapimi meza kabla ya kununua skrini. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40, bila kuhesabu mguu wake. Miguu ya skrini za bei nafuu mingi imetanuka, inakula sentimita 20 au 25 za meza kwa kwenda ndani. Kama meza yako ina kina cha sentimita 45, na vyumba vyetu vingi havina nafasi ya meza zaidi ya hiyo, kibodi itakuwa ukingoni na kioo kiko puani. Kioo kinatakiwa kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Basi chukua futi ya fundi au hata kamba, pima kina cha meza, kaa kitini, nyoosha mkono. Kata kadibodi kwa vipimo vya skrini unayoitaka, isimamishe pale, uishi nayo jioni moja.

Angalia pia mgongo wa skrini. Mguu wa bei rahisi kwa kawaida unaweza kuinama mbele na nyuma tu, haupandi wala haushuki. Hilo si baya ikiwa nyuma kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa sentimita 10 kwa 10. Hicho ni kipimo kinachokubalika dunia nzima, kinaitwa VESA, na kinakuruhusu kufunga mkono wa chuma unaobana ukingo wa meza. Kwa sisi wapangaji, tusioruhusiwa kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, mkono huo unaokoa meza na shingo. Skrini isiyo na matundu hayo mimi siichukui.

Wengi huniuliza: kwa nini nisinunue televisheni ya inchi 43, ni kubwa zaidi na bei ni ileile? Swali ni la haki. Televisheni ya 4K ya inchi 43 ina mistari 2160, na msongamano wake wa pikseli unakaribia ule wa inchi 27 ya 1440. Kwa hesabu ni nzuri. Tatizo ni kwamba televisheni hutengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi. Nyingi za bei ya chini hupunguza maelezo ya rangi ili kurahisisha kazi, na hapo maandishi mekundu juu ya buluu hufifia na kuchafuka. Nyingine hukata kingo za picha mpaka uzime mpangilio huo. Na ina upana wa sentimita 95. Ukiwa na meza yenye kina cha sentimita 80, jaribu. Vinginevyo shingo yako itakuwa inazunguka mchana kutwa. Na kwa wanaoogopa leseni ya televisheni: kuunganisha televisheni na kompyuta hakudai leseni. Kinachodai leseni ni kutazama matangazo ya moja kwa moja ya vituo vya televisheni, au kutumia BBC iPlayer, na hapo hata ukitazama kwenye simu unahesabiwa.

Laptopu nayo iulizwe. Nyingi tulizonazo zina umri. Tundu la HDMI la zamani, toleo la 1.4, likipewa skrini ya 4K hupeleka picha mara 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya kinakwenda kwa kukwamakwama. Skrini haina kosa, wala kebo mpya haitasaidia. Kwa laptopu ya namna hiyo mistari 1440 inatosha sana, nayo kwa kawaida inapita vizuri.

Halafu aina ya kioo. Utaona herufi TN, VA na IPS. Vyote hutumia vimiminika vya fuwele vinavyobadili mkao umeme ukiwashwa, na Uingereza ina mkono wake humo: mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull walipata kemikali iliyotulia katika joto la kawaida la chumba, na hapo ndipo vioo hivi vyembamba vikaanza kuwezekana kibiashara. TN ndiyo rahisi kuliko zote, na ukikaa pembeni rangi zinageuka. Nyumba ambayo watoto wawili wanatazama skrini moja haiifai. VA ina weusi mzuri. IPS inaonekana vilevile kutoka kila upande, na sasa imeshuka bei kiasi kwamba sioni sababu ya mtu wa kawaida kuchukua TN mpya.

Tukitaka kupunguza gharama, tupunguze kwenye mapambo. Kioo kilichopinda, spika za ndani zinazolia kinyonge, taa za rangi mgongoni, kasi ya hezi 165 au zaidi kwa ajili ya michezo: hivyo vyote vinaweza kutoka bila mwanafunzi wa uuguzi kupoteza kitu. Pikseli na matundu ya mgongoni visitoke. Umeme usikutishe sana. Skrini ya wati 30 ikiwaka saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inakula uniti 60, yaani kwa bei za hapa pauni kumi na tano au zaidi kidogo kwa mwaka. Mwenye mita ya kulipia kabla ashushe mwangaza kidogo. Macho nayo yatashukuru.

Sasa namna ya kununua. Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, muuzaji anakuwashia kifaa mbele yako, unakitazama, mnapatana, ndipo unatoa pesa. Hapa London palikuwa na Tottenham Court Road, maduka ya elektroniki mlango kwa mlango, lakini mengi yamekwisha, na biashara imehamia mtandaoni. Unanunua usichokiona. Kwa ajili hiyo sheria ya hapa imekupa fursa ya kukiona nyumbani. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, kanuni za mwaka 2013 zinakupa siku 14 tangu kupokea mzigo kusema umebadili nia, bila kutoa sababu. Ikiwa kifaa kina kasoro, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 kukikataa na kurudishiwa pesa zako zote. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu kinachozidi pauni 100, kifungu cha 75 cha sheria ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji. Skrini ya pauni 99 haimo humo, ya pauni 105 imo. Kama una kadi hiyo na una uhakika wa kuilipa mwezi ukiisha, itumie hapa.

Kwa hiyo siku ya kwanza usitupe sanduku. Washa skrini, ijaze rangi moja: nyeusi, kisha nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Pikseli iliyokufa au iliyokwama itajitokeza. Zima taa za chumba, tazama kingo kama mwanga unavuja. Fungua maandishi marefu usome nusu saa. Wengi wetu tumelelewa kuona kurudisha kitu dukani ni ugomvi. Hapa ni haki iliyoandikwa, na unaitumia kwa barua pepe mbili za adabu.

Nina neno juu ya skrini zilizotumika. Ofisi za London zinapohama au kubadilisha vifaa, skrini nzuri za inchi 24, zenye miguu inayopanda na kushuka, huangukia kwa wafanyabiashara wanaozikagua na kuziuza kwa bei ndogo na kutoa risiti. Kati ya hiyo na skrini mpya kubwa yenye pikseli chache, mimi nachukua ya ofisini bila kusita. Ukinunua kwa mtu binafsi haki zako zinapungua sana, basi nenda na laptopu yako, iwashe palepale, ndipo ulipe. Zile zilizotengenezwa kabla ya 2010 hivi uziepuke: nyingi zinamulikwa kwa mirija yenye zebaki ndani, na kwa umri wake mwanga umekuwa wa manjano.

Na kabla hujatoa hata pauni, muulize mwajiri. Tangu mwaka 1992 kuna kanuni zinazomtaka mwajiri akague mahali pa kazi pa mfanyakazi anayetumia skrini kila siku kwa saa moja au zaidi mfululizo, hata kama anafanyia kazi nyumbani, na amlipie kipimo cha macho akiomba. Ndugu zetu wanaopokea simu za wateja wakiwa vyumbani mwao wengi hawalijui hili, nao ndio wanaoumia shingo. Andika, omba ukaguzi. Ikionekana laptopu haitoshi, ni wajibu wake kurekebisha.

Imebaki ile skrini yako ya zamani. Edmonton ndipo inapochomwa tangu mwaka 1971 sehemu kubwa ya takataka za halmashauri saba za kaskazini mwa London, kwa hiyo sisi tunajua vizuri vitu vinaishia wapi. Skrini haiendi kwenye pipa jeusi. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme yanatakiwa kupokea ya zamani bila malipo ukinunua mpya ya aina hiyo. Ukitaka kuituma nyumbani, plagi ya pini tatu inaingia Mombasa, Dar na Kampala kama inavyoingia hapa, na skrini nyingi zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240. Lakini tuma inayowaka. Tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za elektroniki haziruhusiwi kuvuka mpaka bila idhini ya nchi inayopokea, na skrini iliyokufa ni taka hata ukiifunga vizuri ndani ya pipa la kargo. Inayowaka ambayo huitaki tena, mpe mwanafunzi wa jirani, na umpe pamoja na waya wake wa umeme na kebo ya HDMI.